Swali Ambalo Mkalimani Aliliruka

Ijumaa, likizo ya Agosti, Mbale. Mawingu yameuficha mlima Wanale tangu asubuhi. Nimetulia kuliko nilivyotarajia.

Mama ana kesi hapa. Kwa kuwa shule zimefungwa, nami ninataka kuwa wakili kama yeye, alinileta kutoka Bugembe nimwone kazini. Mdogo wangu Denis, mwenye miaka minne, tumemwacha kwa jirani.

Mteja wa Mama ni askari jela. Anataka kumchukua mwanawe kutoka kwa mwanamke aliyezaa naye, ambaye anauza nguo za mitumba Namatala na hulala Busia anapokwenda kununua mzigo. Mtoto mwenyewe alikuwa nje barazani, anatafuna muwa.

Mahakamani, mwanamke alijibu kwa Kiswahili, na mkalimani akamtafsiria hakimu kwa Kiingereza. Hakimu hakijui Kiswahili. Kwa watu wengi wa huku ni lugha ya wanajeshi. Sisi tunakijua kwa sababu babu alikuwa askari, na Mama alikulia kambini Jinja.

Mama aliuliza: ukiwa Busia, mtoto analala na nani?

"Na dada yake, wakili. Na wako je? Wewe ukija Mbale, wako analala na nani?"

Watu wa nyuma walicheka. Mmoja akanong'ona, "Leo wakili amepatikana." Mkalimani alikohoa, akatafsiri jibu, swali akaliruka. Hakimu akaandika.

Mimi nilijua jibu. Leo ni jirani.

Siku nyingine zote ni mimi.

Mama angeweza kunyamaza. Alizitazama karatasi zake kidogo, kisha akamwambia hakimu kwamba mkalimani ameacha maneno ya shahidi, akaomba yatafsiriwe yote. Hakimu aliyasikiliza, akasema shahidi haulizi wakili maswali, lakini akayaandika. Mama akasema hana swali jingine, akakaa.

Nje, mteja wake alimfuata hadi kwenye ngazi.

"Wakili, wewe uko upande gani?"

"Wako, afande."

"Mbona umemsaidia yule?"

"Alisema maneno, na hakimu hakuyasikia. Kesi haiendi hivyo."

"Na mtoto wangu nikimkosa?"

Mama alinipa mkoba wake niushike, akafunga kamba ya kiatu.

Uamuzi utatolewa Jumatatu. Mama atarudi peke yake. Mimi nitabaki nyumbani na Denis. Sikubisha, ingawa ningependa sana kusikia.

Lakini kuna jambo sijamwambia. Nilipokuwa nimekaa pale nyuma nilitaka Mama ashinde, kama ninavyotaka siku zote. Nilitaka pia yule mwanamke aende zake Namatala na mtoto wake. Nilitaka yote mawili kwa moyo mmoja, na hata sasa sijaweza kuchagua.

Je, wakili anaruhusiwa kutaka hivyo?