Friji Hairudi Tupu

Kangemi, Jumatatu, 3 Novemba 2025

Kamene mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima, ni sukari tu inayonisumbua. Simu yangu ilitumbukia kwenye beseni la kufulia, kwa hiyo Nanyama jirani, yule anayefagia ofisini kwenu, atakuletea barua hii.

Jana nililia kwa furaha! Rafiki yako Lenox wa Loresho ameniletea friji. Mpya! Sasa insulini yangu haitazunguka tena kwenye friji za watu. Amesema wewe ndiwe unayepitisha ramani za nyumba, na yake umeikalia. Nikamwambia huna roho mbaya.

Mamako,
Kanini

Ngara, Jumanne, 4 Novemba

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Habari ya sukari? Nimesoma barua yako nikaogopa. Lenox si rafiki yangu. Anataka kujenga ghorofa ukingoni mwa mto kule Kitisuru, na nimemkatalia mara mbili. Kazini tulifundishwa: zawadi ya namna hiyo ikipitia kwa mzazi, ni kama nimeipokea mimi. Ni jela, Mama! Irudishe. Siwezi kuja, nikionekana karibu na hiyo friji nimekwisha. Ya insulini nitatafuta njia, naapa.

Bintiyo,
Kamene

Kangemi, Jumamosi, 8 Novemba

Kamene wangu,

Umeamkaje? Acha kuogopa. Nimeirudisha kwa mkokoteni hadi Loresho, watu wa soko wakinicheka. Lakini unajua nilivyolelewa: chombo cha mtu hukirudishi kitupu, na friji nayo ni chombo. Nimemtilia ndengu, nduma na chupa ya asali. Nikaandika na kijikaratasi, nisionekane sina adabu: "Asante sana. Kamene hatakusahau."

Mamako,
Kanini

Ngara, Jumatano, 12 Novemba

Mama,

Leo sikuulizi hali, nisamehe. Lenox amekuja ofisini na kile kijikaratasi. Anasema ndio ushahidi: ulipokea, ukashukuru, ukaahidi kwa niaba yangu. Kesho saa nne nipitishe ramani, la sivyo anakipeleka kwa wapelelezi wa ufisadi, na wa kwanza kuchukuliwa ni wewe. Wewe, na sukari hiyo, kwenye sakafu ya rumande? Naogopa hata nikisikia mtu akipanda ngazi. Usifanye lolote. Kaa ndani.

Bintiyo,
Kamene

Ofisini, Alhamisi, 13 Novemba, saa nne na robo

Mama,

Nimetia sahihi. Lenox amekunja ramani yake akacheka, akasema nikusalimie. Hawatakuja kukuchukua. Watu watalala juu ya maji, na jina langu liko kwenye karatasi, lakini wewe utalala kwako. Choma barua hii.

Bintiyo,
Kamene

Mjini, Alhamisi, 13 Novemba, saa nne na robo

Kamene mwanangu,

Hujambo? Mimi nimeogopa asubuhi yote, lakini sasa nimetulia. Sikukaa ndani, usinigombeze. Nimekuja mwenyewe kwa wapelelezi wa ufisadi, nikawapa barua zako zote mbili. Afisa mmoja, mama wa makamo, amezisoma polepole. Amesema mwenye mkokoteni ataulizwa kama kweli friji ilirudi, na kama hujampa Lenox alichotaka, wa kuogopa ni yeye.

Nimeandikisha taarifa. Nimeshika Biblia nikaapa kwamba binti yangu hajatia sahihi.

Nanyama anakuletea hii mbio. Njoo, nimekuwekea nafasi hapa kwenye benchi.

Mamako,
Kanini