Kitambaa Chekundu kwenye Mbigili

Jumapili, jioni. Mvua imetunyeshea hapa Kisangani tangu mchana, nami nimenuna kiasi kwamba hata chai imenishinda.

Mbigili yangu imekatwa.

Nasoma mimea chuoni. Kwa miezi minne nimekuwa nikipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi msitu ulio nyuma ya kijiji cha Yanonge kutazama mmea mmoja wa miiba. Mmoja tu. Majani yake yanafanana na jani kuukuu lililokaushwa katika kabati la chuo, ambalo hadi leo halina jina la hakika kwa sababu aliyelichuma hakukuta ua. Bila ua mwalimu wangu hakubali jina, na tasnifu yangu imekwama hapo.

Wiki mbili zilizopita likatokea tumba. Tonton Bosco, mwindaji anayeniongoza msituni, akaniambia, "Kata sasa, utaweka mu maji, itafunguka kwako. Pori haina rendez-vous, haitakungojea." Nikajifanya mjuzi. Nilitaka lichanue palepale, lizae mbegu. Nikafunga kitambaa chekundu kwenye shina, nisije nikapotea nikirudi.

Jana ilikuwa salongo, siku ya kazi ya pamoja, kijiji kizima kikatoka kufyeka njia. Na huku kwetu, wapimaji wa barabara hufunga kitambaa chekundu kwenye kitu kinachotakiwa kuondolewa. Nimezaliwa hapa. Nalijua hilo tangu utotoni.

Nililijua, nikafunga.

Leo asubuhi wazee wa kijiji wamenipokea kwa vicheko. "Mademoiselle, tuliona kitambaa yako, tukaanzia pale. Hata mizizi tulitosha, tukang'oa yote!" Walidhani mmea ule unanizuia kupita. Papa mmoja kati yao amenionyesha kiganja chake kilichovimba kwa miiba, na anajivunia kabisa. Tumba limeungua pamoja na takataka zote.

Nimezunguka mpaka mvua imenikuta, labda kuna mche mwingine. Hakuna.

Nikawaambia aksanti, tena kwa tabasamu. Tangu saa ile najichukia. Nikifunga tena kitambaa popote, watakimbia kunisaidia, kwa hiyo lazima nirudi niwaeleze walichokikata. Lakini yule papa mwenye kiganja kilichovimba, nitaanza kumwambia vipi?