Tundu Nyuma ya Nyumba ya Bibi

Mbaga, Same
14 Aprili 2024

Mama mpenzi,

Shikamoo. Za Muscat, za kazi, za ule mgongo? Sisi hatujambo, ila mvua imetushika na ukungu unaingia mpaka mvunguni. Bibi anakohoa. Ameniambia nikuandikie kwamba hakohoi.

Naandika kwa sababu kwenye simu maneno yangu yanakwama. Unauliza "upo?" nami nipo, basi tu siongei. Kwenye karatasi naongea. Nitaipiga picha nikutumie nikifika kanisani, mtandao unakoshika.

Mama, mashine ya kukaushia nguo uliyotutumia haipashi. Inazunguka, inanguruma, lakini nguo zinatoka zimelowa vilevile, za baridi kama zimetoka mtoni. Ilianza baada ya Pasaka. Kwanza ilikuwa inachelewa kukausha, na kuta za chumba zikawa zinatoka jasho. Sasa ni baridi tupu. Bibi amerudia kuanika sare yangu jikoni, juu ya moshi. Darasani wameanza kuniita Nyama Choma. Nilicheka pamoja nao, halafu nikaenda kukaa chooni mpaka kengele.

Nakumbuka ulivyosema baada ya ile nimonia yangu ya mwaka jana: nguo zikikauka nabaki kwa Bibi, zisipokauka nahamia hosteli, Same mjini. Mama, sitaki hosteli. Sijawahi kukwambia, ndiyo nakwambia. Kitabu cha mashine nimekisoma chote kwa Kiingereza, nikamtafsiria Bibi. Mwisho kinasema tumwite fundi. Bibi akasema, "Kitabu kizima kumbe kilikuwa kinazunguka hapo tu."

Mwanao,
Agape


Muscat
17 Aprili

Agape wangu,

Marahaba, mwanangu. Mgongo upo, kazi ipo, na joto la huku ningeweza ningekutilia kwenye bahasha. Mwambie Bibi kikohozi chake nimekisikia mpaka huku.

Usiogope. Mimi nakausha mashuka ya hoteli nzima, hiyo moja itatushindaje? Kwanza chomoa waya ukutani. Kifuniko cha nyuma usikiguse, huko ni kwa fundi. Angalia kitufe kisiwe kimewekwa kwenye upepo wa baridi. Toa chujio la mlangoni, uondoe manyoya yote ya nguo. Kisha chomeka, washa, uzunguke nyuma ya nyumba uweke mkono kwenye lile tundu bomba linapotokea. Ukisikia upepo unapuliza kwa nguvu, ugonjwa uko kwenye kupasha. Usiposikia kitu, njia imeziba. Hizo kuta kutoka jasho zimenitia shaka. Mvuke ule ulitakiwa uende nje.

La hosteli nimelisikia. Lakini mimi ndiye niliyeambiwa kwa simu kwamba mwanangu anapumulia mpira wa oksijeni, na sikuwa na la kufanya ila kukunja mashuka ya watu. Nguo mbichi mwilini mwako sitakubali tena. Muhula ukiisha, mwezi wa sita, tutaamua.

Na huyo wa Nyama Choma mwambie mama yako anauliza kwao ni wapi.

Mama yako


Mbaga
21 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, na wewe tunakuombea.

Kitufe kiko sawa. Chujio lilikuwa na manyoya mengi, kama kifaranga amelala humo. Nimelisafisha, bado baridi. Nyuma ya nyumba sijafika. Nilipotoka Bibi aliniita mlangoni: "Wee! Huko kuna siafu!" Nikarudi. Jana nikajaribu tena, siafu bado wapo. Anawaonea huruma, anasema wapite zao kwanza.

Mwanao,
Agape


Muscat
23 Aprili

Agape,

Marahaba. Siafu wa wiki nzima? Mama yangu ana siafu wa aina mbili, wale wa kweli na wale wanaotokea akiwa na jambo lake. Utotoni mwangu walikuwa wanapita kila mahali alipoficha sukari.

Jumatano akienda kwenye umoja wa wanawake, nenda ukaangalie. Halafu uniambie.

Mama yako


Muscat
9 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mbona kimya? Nimepiga, Bibi anapokea, anasema uko shuleni. Jumapili nayo uko shuleni? Kama unaumwa niambie. Kama nimekuudhi niambie pia. Hosteli si adhabu, Agape.

Mama


Mbaga
12 Mei

Mama mpenzi,

Shikamoo. Siumwi. Hukuniudhi.

Jumatano ile nilienda. Siafu hawakuwepo, na tundu pia halikuwepo. Palikuwa na ukuta umekandikwa udongo laini, na alama za vidole vya Bibi. Nikachokonoa. Ndani kulikuwa na ile kanga yako ya kijani, imeviringishwa ikashindiliwa barabara.

Mama, niliirudisha. Nikakandika udongo upya juu yake. Niliona nikikwambia, utasema Bibi amezeeka, hawezi kunilea. Nisipokwambia, mashine itabaki baridi nami nitapelekwa mjini. Kote nampoteza. Ndiyo maana nilinyamaza nikaendelea kuvaa moshi.

Barua yako ilipofika sikuweza tena. Tulikuwa tunachambua maharage ya makande. Nikasema bila kumtazama, "Bibi, siafu wamehama."

"Eti? Wamehama lini?"

"Walikuwa wamevaa kanga ya Mama."

Akachambua, akachambua. Kisha akasema, "Joto lilikuwa linatoka nje bure, mjukuu wangu. Umeme tununue, halafu tuupashie mlima? Nikasema libaki ndani, lipashe kifua chako."

"Mbona hukusema ilipoharibika?"

"Mama yako Rogathe angesema mama amechoka, mtoto apelekwe mjini. Nikaona afadhali siafu."

Nikacheka mpaka nikalia. Yeye akasema maharage yanaingia chumvi kabla ya wakati.

Tukazibua pamoja. Ijumaa fundi Abdulmalik akapanda na pikipiki kutoka Same. Akasema bomba lilipozibwa mashine ilishikwa na joto kupita kiasi, fyuzi yake ya joto ikakatika ili isiungue. Ameweka mpya. Akamwambia Bibi, "Mama, hii ingeunguza nyumba." Bibi alimpa makande mara mbili.

Sasa inapasha. Sare yangu inanuka sabuni tu. Nikiwasha mashine, Bibi anabeba kigoda chake, anakaa nyuma ya nyumba chini ya upenu, kwenye ukungu, na kuweka viganja mbele ya tundu. Anasema kama joto ni la mlima, na yeye ni wa mlima.

Usimkaripie. Kama lazima niende hosteli, sema tu ni kwa sababu yangu.

Mwanao,
Agape


Muscat
15 Mei

Agape wangu,

Marahaba, tena marahaba. Nimeisoma barua yako chumba cha mashuka, wenzangu wakaniuliza nani amefariki. Nikawaambia hapana, ni mama yangu ameziba ukuta.

Nikiwa na umri wako sweta langu la shule halikukauka masika yote. Bibi yako alikuwa analala nalo tumboni, chini ya nguo zake. Asubuhi ananivalisha likiwa na joto. Mimi nilidhani ndivyo masweta yalivyo. Sikuwahi kujiuliza yeye alilalaje.

Hosteli basi. Utakaa hapo hapo. Ila aende zahanati na hicho kikohozi asichonacho, na tundu lisizibwe hata kwa jani. Kila ukikausha, safisha chujio. Kanga yangu ifue, uikaushe kwenye mashine, umfunge Bibi mabegani akienda kukaa nyuma.

Desemba nakuja. Mwambie asogee kidogo, kigoda kingine kiingie.

Mama yako