Pampu ya Dawa Iondoke Kisimani

Jumapili, 4 Mei 2025
Nimekasirika hata chai haishuki. Maji ya kisima inanuka dawa ya viazi! Wangui wangu anatapika tangu jana, na daktari hapa Mweiga ameuliza tu: mnakunywa maji gani? Shemeji Hezekiah bado anachanganyia dawa mdomoni mwa kisima. Akimaliza anaosha pampu ya kunyunyizia na kumwaga hapo hapo. Nimemwambia. Ati mimi nimeolewa juzi, nisimfundishe kulima. Juzi! Na Wangui yuko Form Two.

Jumatano, 7 Mei
Tunanunua maji ya kunywa na kisima kiko mlangoni. Aibu! Nimeongea na wamama wa ngwatio, sisi tunaolimiana mashamba kwa zamu. Ijumaa ni zamu ya Hezekiah, kupalilia viazi. Aliyetoa mpango ni Gathoni. Bibi ya Hezekiah mwenyewe!

Ijumaa, 9 Mei
Wueh! Tumefika na majembe, Hezekiah akatuonyesha mistari ya viazi. Hakuna aliyeinama. Gathoni akamwambia: Baba Kinyua, leo tunachimba mtaro wa paipu ya kushusha maji. Dawa itachanganyiwa kule chini, mbali na kisima. Baadaye ndio tutapalilia. Ametutukana, ati tumeleta siasa kwa shamba yake, akaenda kukaa nyumbani. Sisi tukachimba tukiimba. Jioni amerudi, magugu iko vile vile. Akachukua jembe, akaingia kwa mtaro. Mgongo unaniua na nimecheka mpaka machozi.

Jumanne, 17 Juni
SAFI! Matokeo ya kupimwa maji yamekuja kutoka Nyeri — tunaweza kunywa. Tulikuwa tumevuta maji ile mbaya yote tukaimwaga kule chini, mvua ikaleta nyingine. Nimelia mbele ya afisa wa maji bila haya. Wangui amekunywa vikombe viwili akaomba cha tatu. Sasa pampu zote zinaoshwa chini, na kisima kina kifuniko na kufuli. Nimefurahi, Mungu wangu, nimefurahi.

Alhamisi, 19 Juni
Naandika haraka. Lori ya samadi ya kuku imesimama hapo juu ya kisima. Jirani Ngatia ameiagiza, na dereva anataka kumwaga hapo hapo — mvua moja tu na yote inashuka kwa maji yetu! Na nani amesimama nyuma ya lori, mikono ameipanua, ati mwaga, unifunike mimi kwanza?

Hezekiah!

Dereva anapiga honi. Injini inawaka. Hezekiah ananiita: Mama Wangui, leta wamama, leteni majembe! Natafuta viatu, gambuti moja siioni. Naenda na hii mo—