Wifi ya Papa Yannick

Bukavu, Jumatano

Yaya Floribert,

Nakusalimia wewe na maman huko Idjwi. Huku tuko, watoto wanaenda masomo, mvua iliangusha ukuta ya choo.

Uliuliza kwa nini siwaiti tena kwa simu ya video ili maman aone wajukuu. Wifi ile ilikuwa ya jirani yetu, Papa Yannick. Bibi yake Joviale alinipa kwa siri modepasi, ile namba ya kufungua wifi.

Wiki iliyopita muchana Papa Yannick aliona kwenye wifi yake simu ambayo hajui ni ya nani. Akafikiri Joviale ana mwanaume. Nilimusikia kupitia ukuta: «Ulimupa nani? Taja jina!» Joviale hakunitaja. Papa Yannick akachukua nyundo, akaanza kumupiga.

Kwa pigo la kwanza nilinyamaza, yaya. Niliogopa kuitwa mwizi. Kwa pigo la pili nikasikia mufupa unavunjika. Hapo nikakimbia kwao nikipiga kelele: «Ni mimi!» Akanigeukia na kunipiga mudomoni. Meno mbili zilitoka. Majirani walimuangusha wakamufunga kamba.

Kwa polisi alinishitaki wizi. Askari akaniuliza: «Maman, ni kweli ulitumia wifi yake bila ruhusa?»

Nikajibu: «Ni kweli, andika. Lakini andika nyundo kwanza.»

Papa Yannick iko kwa kashoti, amefungiwa kwa polisi. Joviale analala kwangu, mukono kwenye plasta, ninamulisha kwa kijiko.

Usimusomee maman barua hii. Joviale anajua ukuta wetu ni mwembamba. Mpaka leo hajaniuliza kwa nini nilichelewa.

Mudogo wako,
Rosette