Kahawa ya Zaina Nimeiacha

Hadija, mdogo wangu tuliyenyonya ziwa moja,

Usinicheke. Najua ungesema, "Dada, unaandikia maiti barua, posta gani itafikisha?" Basi nimeshajicheka mwenyewe. Nimekaa kwenye mkeka hapa uani, mtaani kwetu Buyenzi. Zaina yuko shule, baba yake yuko garaji, na mi tangu jana nina jambo limenikwama kooni. Nikimwambia mtu mwingine ataniona nimerukwa na akili. We ulishanizoea.

Unakumbuka Zaina alivyokuwa na miaka sita? Mtoto nilimzaa mimi, ukamlea wewe, na sote wawili alitutoa jasho. Hakuwa na kituo. Anaanza kuvaa viatu, anavaa kimoja, anasikia kuku, anatoka. Ukimtuma chumvi anarudi na paka. Siku ile mwalimu wake alimleta mpaka mlangoni, amemshika mkono, akasema watu wakisikia, "Mama Zaina, huyu mutoto mi nimeshindwa. Akili iko, lakini haikai." Nilitamani ardhi inimeze. Nikampeleka kwa shekhe akaandikiwa kombe. Akalinywa, akaomba lingine, eti anapenda kuona wino wa aya unavyoyeyuka kwenye maji. We ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Lakini si shule iliyonikosesha raha. Shule angerudia mwaka, basi. Kilichonitia hofu ni ile asubuhi waliyopigana kwa bunduki mtaa wa pili, Nyakabiga. Sote tulilala chini, uso sakafuni, na Zaina akasimama. Akasimama, Hadija! Akaenda dirishani kuangalia nani anapiga ngoma. Ulimvuta mguu akaanguka, ukamlalia juu, na hapo hapo ubao wa dirisha ukapasuka. Baadaye risasi tuliikuta kabatini, katikati ya kanga zangu za harusi. Zaina akaomba apewe aichezee.

Kuanzia siku ile nilikuwa nahesabu mtoto wangu amekaa kimya muda gani, na hesabu haikufika mbali. Kila mlango ukigongwa kwa nguvu nilikuwa namtafuta yuko wapi. Niliwaza: vita hivi havitaki akili wala mbio, vinataka mtu anayejua kulala chini asitikisike, na Mungu amenipa huyu.

Ni wewe uliyesema twende kwa yule mganga mzee wa dispanseri. Alimtazama Zaina akizunguka kwenye kiti chake, akauliza anakula nini asubuhi. Nikasema chai ya sukari na mandazi, kama watoto wote. Akatikisa kichwa. "Kwa wenzetu watoto kama huyu wana dawa yao," akasema. "Hapa mipaka imefungwa, hata dawa ya malaria tunaitafuta. Mupunguzie sukari. Asubuhi mumupe chakula kinachokaa tumboni, maharage, visamaki vya ndagala, yai kama liko. Na mujaribu kahawa, kidogo sana. Kuna watoto inawatuliza. Siahidi kitu. Mukiona moyo wake unakimbia, muache."

Nilidhani mzee amechoka. Kahawa? Kumpa mtoto ambaye hata usingizini anapiga mateke? Lakini we ulikuwa unafanya kazi kiwandani, kutwa umekaa na wanawake wenzako mnachambua kahawa, nzuri inakwenda Ulaya na mbovu inatupwa, na hakuna hata mmoja wenu aliyekuwa anainywa nyumbani kwake. Jioni ile ukarudi na punje zilizovunjika, umezifunga kwenye pindo la kanga. "Wazungu hawazitaki hizi," ukasema. "Labda Zaina atazitaka."

Mara ya kwanza tuliziunguza, moshi ukatoa majirani nje. Mara ya pili ukazikaanga taratibu, ukazitwanga na tangawizi, ukamimina kwenye kikombe kidogo cha marehemu baba. Bila sukari. Zaina akaonja, akakunja uso mzima, akasema, "Mama mudogo, hii ni adhabu ya nini?" Ukamwambia tutakunywa wote, fundo lako, fundo langu. Ndivyo mlivyokunywa kila asubuhi kabla hujaenda kazini, na sahani ya ndagala katikati yenu, na we hukupenda kahawa hata kidogo.

Maneno ya mtaa unayakumbuka. "We mama Zaina, kahawa ni ya wazee wa barazani! Huyo mutoto wa kike atazeeka mbele ya kuolewa!" Niliona haya, nikawa nafunga mlango wa uani wakati wa kikombe. Wewe ulikuwa unaufungua tena.

Ilisaidia? Mpaka leo sijui. Wiki ya tatu alimaliza kuandika ukurasa mzima bila kuinuka. Labda ni kahawa. Labda ni maharage, au kukosa sukari, maana hata madukani sukari ilikuwa imekwisha. Labda ni wewe kukaa naye. Mi sikutaka kujua, nilitaka tu isiachwe.

Na ule mchezo wenu wa jiwe ulianza hapo. Ukipiga kofi, Zaina analala kifudifudi, anakuwa jiwe, na jiwe halisemi wala halijikuni. Mwanzo alishindwa kabla hujamaliza kuhesabu kumi. Mwisho alikuwa analala mpaka nzi anamtembea sikioni. Nilipoona hivyo nikapata tamaa, nikaongeza kanuni yangu. Nilikuwa nimesikia sokoni kwamba kule mtaa wa Mutakura kuna mtoto aliitwa kwa jina lake na watu wenye bunduki, akatoka alipojificha. Kweli au uongo, sikuuliza. Nikamwambia Zaina, "Hata ukiitwa jina, usiitike. Hata ukisikia sauti yangu mimi mama yako. Mpaka mutu wa nyumba hii akushike mukono." We ulinitazama. "Dada, hiyo ni kali kwa mutoto," ukasema. Nikakujibu kwamba mzazi ni mimi. Ndivyo nilivyokujibu, Hadija.

Kisha Ramadhani ikaingia. Zaina akasema mwaka huu atafunga. Watoto wa umri wake wanafunga nusu siku, adhuhuri wanakula na tunawasifu, lakini huyu akaapa atafika mpaka futari. Mi nikavimba kichwa. Mtoto ambaye mtaa mzima ulisema ana pepo, leo anafunga! Nikawaambia wanawake wote wa bombani. Ukaniuliza, "Na kahawa je?" Kwenye daku alikuwa amelala, tulishindwa hata kumwamsha anywe maji. Nikasema, "Siku moja haitaua mutu."

Adhuhuri alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Kinamgonga, anasema. Halafu akaanza kuzunguka uani, anapanda ndoo, anashuka, analia, anacheka. Ukaniambia, "Dada, mufungulie saumu. Ni mutoto, hana dhambi. Mupe kikombe chake." Nikakataa. Nilishawatangazia wanawake. Nilikuwa naona sura zao.

Alasiri ilipopita kidogo nikageuka, mlango wa uani uko wazi na Zaina hayupo. Alikwenda kuangalia watu wanaokaanga sambusa za futari barabarani. Na ndipo risasi zikaanza kulia, karibu sana, si za mbali kama zile za milimani juu ya Kanyosha tulizozoea. Mi nilifika mlangoni nikasimama. Nisingependa kuandika hili, lakini kwako naandika: nilishika fremu ya mlango nikaganda. We ulinipita. Ulinisukuma bega ukapita, huna hata viatu, nikakusikia unaita, "Zaina! Zaina!" mpaka kona ya bomba. Halafu sikukusikia tena.

Baba yake alimkuta Zaina chini ya meza ya muuza makaa, amelala kifudifudi, mzima, hana mkwaruzo. Wewe walikuleta umelazwa juu ya mlango uliong'olewa kwenye bawaba. Inna lillahi. Nilikuosha mwenyewe na wanawake wa mtaa, na kati yao kulikuwa na mmoja aliyenong'ona, "Yule mutoto asiyetulia ndiye amemumaliza." Nilimsikia. Sikumjibu, kwa kuwa hata mi nilikuwa nawaza hivyo hivyo. Nilijiambia: alikimbia ovyo kwa sababu hakunywa kahawa yake, na kahawa nilimnyima mimi, kwa sifa. Mwaka mzima nimeishi na hilo.

Kahawa sikumpa tena. Siwezi hata kuinusa. Na hebu sikia ajabu: Zaina ametulia. Anakaa darasani kutwa. Mwalimu yule yule alikuja akanipongeza, "Mama Zaina, mumefanya nini? Sasa ni mutoto mutulivu kuliko wote." Wanawake walionicheka wanataka niwaonyeshe namna ya kuikaanga. Nami nacheka nao. Kahawa hakuna, mandazi anakula kama zamani, sasa kinachomtuliza ni nini? Usiku nilikuwa naweka mkono puani kwake nione kama anapumua. Mchana namtuma chumvi makusudi, nikiomba arudi na paka. Anarudi na chumvi.

Jana nikamwambia kwamba Ramadhani hii si lazima afunge. Alikuwa anachambua mchele, kichwa ameinamisha. Akasema, "Mama, mi ile siku sikukimbia."

Nikamwambia asijali, yamepita.

"Apana, mama. Risasi zilipolia nililala. Nilikuwa jiwe. Kichwa kiliniuma sana lakini sikutikisika." Akaendelea kuchambua. "Mama mudogo alipita karibu. Niliona miguu yake. Aliniita."

Nikamuuliza, "Sasa mbona hukuitika?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa kitu ambacho kila mtu anakijua. "Si we ulisema nisiitike? Hakunishika mukono. Aliita tena, akaenda kule bombani."

Hadija. Mwaka mzima natafuta kosa kwenye kikombe. Mtoto aliweza. Bila kahawa, na njaa, na kichwa kinachopasuka, aliweza kile tulichomfundisha, na alikiweza vizuri kuliko sisi. Ungemwona ukainama, ukamshika mkono, labda mngerudi wote wawili. Labda mngekufa wote wawili. Nimeligeuza geuza usiku kucha na sipati pa kulilaza.

Nilijikaza nikamwambia, "Ulifanya vizuri, mwanangu." Akauliza, "Basi mama mudogo alifanya vibaya?"

Nisamehe, Hadija. Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya choo nikalia na kanga mdomoni. Niliporudi nikamwambia ukweli wote, jinsi nilivyoitunga ile kanuni, jinsi ulivyonikanya, jinsi nilivyokujibu. Nikamwambia kosa ni langu, si lako wala si lake. Alinisikiliza ametulia vile vile, halafu akasema, "Sawa, mama," na sidhani kama ameniamini.

Na vita bado viko, mdogo wangu. Hapo ndipo ninapoungua. Nikimfundisha kuitika, siku moja anaweza kuitika akiitwa na mtu mbaya. Nikimwacha hivi alivyo, ninaye mtoto aliye hai ambaye haniitiki. Maana sasa nimegundua, na sijui nilikuwa wapi mwaka huu wote: nikimwita haitiki. Anakuja. Anasimama mbele yangu, ananyoosha mkono ili nimshike, ndipo anasema. Nilidhani ni adabu.

Leo asubuhi, kabla hajaenda shule, nimemwambia, "Zaina, ile kanuni nimeifuta. Mimi ndiye niliyeiweka, na mimi nimeifuta. Nikikuita, uitike." Nikaingia jikoni, nikamwita. Kimya, halafu miguu ikaja mpaka mlangoni. Nikamwambia arudi uani. Nikamwita tena, akaja tena. Nilijiona ninamtoa mtoto mafichoni kwa mikono yangu. Bado nikamrudisha. Mara ya nne nikaita, nikasubiri, moto ukaanza kuzimika sikuugusa.

"Abee," akasema, kwa sauti ndogo sana, huko aliko.

Pumzika, Hadija. Nakuombea, uliyeita siku ile usiitikiwe, na we niombee niwe na moyo wa kumwita tena jioni.

Dada yako, mama Zaina