Nimelifyeka Waridi la Mama Mkwe, Anarudi Ijumaa

Mpendwa mshauri, naomba unijibu kabla ya Ijumaa, ukichelewa sina ndoa. Naitwa Sufiani, naishi Mlali na mke wangu Mwaisha kwa mama yake, nyumba na kiwanja ni vya upande wao kama ilivyo kwetu Waluguru, na mlangoni pana waridi jekundu ambalo marehemu baba mkwe alilitoa Mgeta mwaka aliomuoa mama, na mama kila asubuhi hulisalimia hilo kwanza ndiyo aje kwetu, haruhusu mtu aliguse hata kwa mkasi, sasa limerefuka hadi kwenye bati, chini vijiti vitupu, maua mawili matatu kileleni, na miiba inararua khanga za wageni. Mama akaenda Turiani kumuuguza dada yake, nikasema ngoja nimfurahishe, maana rafiki yangu Abel anayeuza miche ya maua barabarani kaniambia ukilipunguza litachipua na kujaa, nikachukua panga nikalifyeka lote likabaki usawa wa goti, leo siku ya tisa sioni hata jani, na mama akipiga simu anauliza, "Waridi langu halijambo?" nami najibu halijambo, limechanua. Mwaisha kaninunia, kaniambia tu, "Mama akilikuta hivi, utarudi kwenu Mikese peke yako." Abel anao mche wa rangi ileile, nataka kesho ning'oe kisiki niupande huo, je, mama atajua?

Sufiani, Mlali

Sufiani, atajua! Mwanamke aliyelisalimia ua miaka yote hiyo umdanganye kwa mche wa barabarani? Usithubutu kung'oa. Nakuonea huruma, nia yako ilikuwa njema, lakini panga, jamani, kwa waridi? Abel alikwambia upunguze, hakukwambia ufyeke shamba.

Kwaruza gome la kisiki kwa ukucha. Ukiona kijani, lingali hai, na siku tisa bado mapema. Tafuta mkasi mkali, ncha zote zilizopasuka uzikate upya kwa mshazari, juu kidogo ya jicho la kuchipulia linalotazama nje, ili matawi yatawanyike. Maji kiasi, samadi iliyooza kidogo pembeni, basi. Likishika, baada ya miezi miwili hivi utaona maua. Likiwa kavu hadi chini, mwambie mama hivyohivyo.

Maana panga ni kosa dogo. Umemlisha uongo mama wa watu akiwa anauguza, na njia ya mwongo ni fupi. Tena wewe ni mkwe uliyepokelewa kwenye ardhi ya ukoo wao, hukati kitu pale bila kuuliza, hilo unalijua kuliko mimi. Nenda leo kwa mjomba wake Mwaisha, umwombe aketi nawe, kisha mpigie mama mbele yake: "Shikamoo mama. Nimelikata waridi la baba, na nilikudanganya." Akilia, usijitetee. Abel usimtaje kabisa. Akikufukuza, ondoka kwa adabu, kazi ya kukurudisha mwachie mjomba.

Akikuta kisiki, mama atakasirika, kisha atakaa angoje kichipue. Akikuta mche mgeni, atakuwa amefiwa na mumewe mara ya pili, na safari hii aliyemzika ni wewe.